Kuku Mgeni Alipofunguliwa Kamba

Tulipokuwa wadogo, Jumamosi haikuwa siku ya mapumziko. Ilikuwa siku ya viroboto. Nyinyi wa rika langu mliokulia milimani Litembo mtakumbuka tulivyoamka ukungu ukiwa bado umelala juu ya mibuni, tukateremka kisimani na sare za shule vichwani, tukarudi na vidole vilivyokufa ganzi kwa baridi, kisha kila mtoto akashika njia ya kwao kwenda kukabiliana na kibanda cha kuku. Michezo ilisubiri. Rede na kombolela vilikuwa haki ya mtoto ambaye bibi yake amepitisha kidole kwenye kibanda na kidole kikatoka safi.

Kibanda cha Bibi, mama mzazi wa baba yangu, kilisimama juu ya nguzo nne, sakafu yake ya fito ikiwa usawa wa kiuno cha mtu mzima, na kuku walipanda kwa gogo lililochanjwa ngazi. Mimi na kaka yangu Gaspari tulitoa majani yote ya viota, hata yale yaliyoonekana mapya, tukayachoma mbali na nyumba. Kinyesi tulikipeleka shambani kwenye ngolo, yale mashimo tunayolimia mteremkoni, kiwe mbolea ya maharage. Kisha Bibi aliwasha magunzi ndani ya chungu kilichopasuka, akakisukuma chini ya sakafu, na moshi ukapanda katika kila ufa wa fito mpaka kibanda kizima kikaonekana kinapumua. Moto ulipokufa, majivu yangali ya uvuguvugu, tuliyanyunyiza pembeni na kwenye maungio ya miti. Mwisho kabisa tuliweka majani mapya viotani, na chini yake majani makavu ya utupa, mmea wenye sumu ya kufukuza wadudu, ambayo Bibi alituonya tusiyapeleke mdomoni wala karibu na maji.

Gaspari aliugua tumbo kila Jumamosi. Bibi hakumpa dawa.

"Tumbo la huyu linaijua kalenda," alisema. "Mpeni ufagio, litapona."

Tukimaliza, alikuja kukagua. Hakuwa na haraka. Alipitisha kidole kwenye maungio, akakitazama kwenye mwanga, akakinusa. "Bado," alisema. "Hapa utitiri wamekaa wanawacheka." Nasi tukaanza upya, nywele zetu nyeupe kwa majivu kama za wazee, tukipiga chafya kwa zamu, huku harufu ya magimbi yanayochemka ikitoka jikoni kutukumbusha kwamba dunia ina mambo mengine mema. Watoto wa leo wa ukoo wetu wanamjua kuku kwa kipapatio. Ukiwaambia kwamba utitiri ni mdudu anayejificha kwenye ufa mchana na kumnyonya kuku usiku, wanakuomba uwatumie picha.

Kuku wenyewe walikuwa wa kishingo, wale wasio na manyoya shingoni, wanaoonekana kama waliovaa koti bila shati. Bibi alikuja nao kutoka kwao Mpepai alipoolewa, jogoo mmoja na matetea wawili, na kila kuku tuliyemla au kumwona pale nyumbani alikuwa wa uzao huo au amechanganyika nao. Binti yake wa pekee, Shangazi yetu, alipoolewa ziwani, ng'ambo ya Mbamba Bay, Bibi alimfungia matetea wa kishingo kwenye tenga pamoja na vyombo vya jikoni. Nakumbuka nilivyosimuliwa kwamba siku ile hakulia kwa ajili ya binti mpaka alipomaliza kulifunga tenga.

Basi kulikuwa na desturi moja ambayo mimi, katika utoto wangu, niliichukia. Kwetu mgeni wa heshima huja na kuku. Kila Krismasi Shangazi alipanda kutoka ziwani na furushi la dagaa na kuku mmoja kwapani, na Bibi alimpokea kuku yule kwa mikono miwili, akapiga vigelegele, akamsifu uzito wake mbele ya watu wote. Kisha alichukua kamba ya katani, akamfunga kuku mguu mmoja, akampeleka nyuma kabisa, chini ya vichanja vya kuanikia kahawa, mbali na kibanda. Hapo kuku mgeni alikaa mpaka Jumapili mbili zipite. Alikuwa na bakuli lake la maji na mahindi yake. Bibi alimpaka majivu chini ya mbawa, akamsugua upanga, ile nyama nyekundu ya kichwani, na kuzunguka macho kwa mafuta ya nyonyo, na kila asubuhi alimpindua kumtazama kama mtu anayesoma barua. Tukiuliza sababu, alijibu neno lile lile:

"Mgeni hapandi kitandani kabla hajanawa miguu."

Hakuna kuku aliyesamehewa. Hata kuku aliyeletwa na katekista, tena siku ya ubatizo wa mdogo wetu, alifungwa pale pale kama wengine. Mimi nilimwonea huruma kila kuku wa kamba. Nilikwenda kuketi naye, nikamsimulia habari za shule, na mara moja nilimfungua. Bibi hakunichapa. Alinituma nimkamate mwenyewe, nikakimbia naye mteremko mzima wa mibuni mpaka magoti yakachubuka, kisha akanipa ncha ya kamba nimfunge kwa mikono yangu. Nililia kwa uchungu wa haki. Nadhani siku ile ndipo nilipoamua kwamba nikikua nitakuwa mtetezi wa wanyama.

Nikakua. Nikaenda chuo cha mifugo, mkoa mwingine, na huko nikakuta kwamba machozi yangu yana jina la kitaalamu. Tulifundishwa ustawi wa mnyama: kwamba ana haki ya kutokuwa na njaa, kutokuwa na hofu, kutembea na kuishi kwa namna yake ya asili. Niliyapokea mafundisho hayo kama mtu anayepokea komunyo. Tulifundishwa pia, katika somo la kuanzisha mradi wa kuku, namna ya kuzuia wadudu na vimelea kabla hawajaingia: jenga banda linalosafishika, ziba nyufa, badilisha matandiko, tenga kuku wageni kwa wiki mbili au zaidi huku ukiwachunguza ngozi, upanga na kinyesi. Swali la kutenga kuku wageni lilikuja kwenye mtihani. Nililijibu vizuri sana.

Nilirudi nyumbani kusubiri ajira, na katika kusubiri nikamwomba Bibi anikabidhi kuku wake niwafuge kisasa. Alicheka. "Chukua, mke mwenzangu," alisema, kwani ndivyo bibi wa kwetu wanavyowatania wajukuu wao wa kike. "Mimi macho yamechoka." Nikajenga banda la matofali. Nikawachanja kuku wote dhidi ya kideri, na kwa hilo sijuti, kwa maana mwaka ule kideri kilipita kwa majirani na kwetu hakikuingia. Nikatandika maranda makavu, mazito, yanayokaa miezi kabla ya kubadilishwa, na kile kibanda cha nguzo nne nikakivunja kuni. Jumamosi za moshi zikaisha. Bibi aliuliza mara moja tu, "Na majivu?" Nikamjibu kwamba kwa banda la kisasa hayahitajiki. Chuoni hakuna aliyenifundisha hivyo. Maneno hayo niliyaongeza mimi.

Krismasi ikafika, ua ukajaa ndugu. Shangazi aliteremka kwenye bodaboda, vumbi mpaka kwenye kope, kapu mkononi, na kabla hajasalimia alilifunua kapu ili tumwone: tetea wa kishingo, mnene, mjukuu wa mjukuu wa wale wa Mpepai. Vigelegele vikapigwa. Bibi akampokea, akampima uzito, akamsifu. Kisha akatoa kamba ya katani kwenye pindo la kanga yake.

Nikasimama. Watu walikuwa wengi, na nilikuwa na neno la kusema.

"Bibi, hapana. Kuku ni kiumbe, anahisi kama sisi. Kumfunga mguu wiki mbili ni mateso."

"Ni Jumapili mbili tu, mke mwenzangu."

"Hata saa mbili, Bibi. Zama hizo zimepita. Mimi nimesomea jambo hili."

Baba mdogo akapiga makofi. "Haya! Haki za kuku zimefika Litembo!"

"Mwacheni," Gaspari akadakia, "huyo ndiye daktari wetu. Kesho atawatetea na kunguni."

Watu wakacheka, na Shangazi akacheka kuliko wote. "Mimi nashukuru," alisema. "Miaka yote kuku wangu anafungwa kama mwizi. Mwaka huu amepata wakili."

Bibi alitutazama sote, akaikunja ile kamba polepole, akairudisha pindoni. "Haya. Banda ni lako," aliniambia. Nami nikambeba kuku wa Shangazi, nikampeleka bandani, nikamwachilia katikati ya wenzake. Naikumbuka furaha niliyoiona kwake alipojitikisa mbawa. Naikumbuka zaidi furaha yangu.

Haukupita muda mrefu baada ya shule kufunguliwa nilipoona vidoa vyeusi vikizunguka macho ya vifaranga, na vingine kwenye upanga wa matetea. Nilisema ni ndui. Nikawatenga walioonekana wagonjwa, nikawapa vitamini kwenye maji, nikasubiri magamba yakauke. Hayakukauka. Vifaranga walianza kusinzia mchana, nyuso zao zimepauka, na kila asubuhi niliwakuta wawili au watatu wamelala ubavu juu ya maranda yangu mazuri. Siku ya tatu ya vifo hivyo Bibi aliniita jikoni.

"Niletee mmoja."

Nikamletea. Hakuweza kumwona vizuri, kwa hiyo alimshika kichwa kwa mkono wa kushoto na kupitisha kucha ya kidole gumba chini ya jicho, taratibu, akakwangua.

"Hivi vina miguu," alisema.

Alinipa kitu juu ya kucha. Nikakitazama kwenye mwanga wa mlango. Kilikuwa kiroboto, wale wa kuku wanaozamisha midomo yao kwenye ngozi na kuganda hapo kama mbegu, wakati mayai yao yakianguka na kukulia kwenye vumbi na matandiko makavu. Huku kwetu juu, kwenye baridi na moshi wa Bibi, sikuwahi kuwaona wa aina hii. Mchanga wa joto wa ziwani ndio nyumbani kwao. Na mimi nilikuwa nimewatandikia maranda.

Nilisimama pale mlangoni, na jibu langu la mtihani likanijia lote, neno kwa neno, kwa mwandiko wangu. Tenga kuku wageni. Wiki mbili au zaidi. Chunguza upanga. Nilikuwa nimeliona jambo hilo hilo kila Krismasi ya utoto wangu, chini ya vichanja vya kahawa, na kwa kuwa lilikuwa na kamba ya katani badala ya jina refu, sikulitambua. Ningeweza kujenga kizimba kidogo pembeni, kuku akakaa huru bila kamba na bila kuwagusa wenzake. Ingekuwa kazi ya nusu siku, na Bibi na mimi tungekuwa tumesema kweli sote wawili.

Tulipigana. Tuliwapaka mafuta kwenye vidoa ili wadudu wakose hewa, tukachoma maranda yote, tukapiga chokaa kuta, nikaenda Mbinga mjini kununua dawa ya unga na kuinyunyiza kama maelekezo yalivyosema, tukarudia tena na tena kadiri wapya walivyototoa kwenye vumbi la sakafu. Bibi akaomba chungu kilichopasuka. Viroboto walikuwa wamekwisha kuhamia kwa mbwa, na kutoka kwa mbwa wakapata miguu ya watoto. Tulipofika mwisho tulikuwa na matetea wanne wa kawaida, wa uzao wa kuchanganyika. Wa kishingo hakubaki hata mmoja. Wenye shingo wazi walikuwa na ngozi nyingi ya kushambuliwa, na jogoo wao alikufa wa kwanza miongoni mwa wakubwa.

Kosa hilo mtu angeweza kunisamehe, maana lilitoka katika huruma. La pili lilitoka katika kiburi. Ukoo wetu una kundi la simu, na humo niliandika taarifa. Niliiandika vizuri, kwa aya, nikieleza dalili, hatua nilizochukua, na chanzo: "kuku aliyeletwa kutoka ziwani wakati wa Krismasi." Sikutaja jina. Niliamini kwamba kutotaja jina ni adabu na kutaja chanzo ni ukweli. Ndugu wakatuma vikaragosi vinavyolia. Baba mdogo akauliza kama ile dagaa ilikuwa salama. Shangazi aliandika neno moja: "Poleni." Baada ya hapo hakuandika tena.

Bibi hana simu ya kusomea mambo hayo. Gaspari ndiye aliyemsomea. Jioni nilipoketi naye kupura maharage aliniuliza, bila kuinua uso:

"Unajua kwa nini nilikuwa nafunga kuku wote? Hata wa katekista?"

"Kwa sababu ya wadudu, Bibi."

"Hapo umejua nusu. Ukifunga wote, hakuna wa kuulizwa. Nani alileta, nani ana uchafu kwao, hayo hayaji. Wewe umemwacha kuku, umemfunga binti yangu."

Nikamwomba radhi. Akasema mimi sikumkosea yeye kitu, na kama nina radhi ya kuomba, nauli ya kwenda ziwani naijua.

Krismasi iliyofuata Shangazi hakupanda. Alisema mvua zimeharibu barabara, na kweli zilikuwa zimeharibu, kama zilivyoharibu kila mwaka aliokuja. Ndipo nikajua kwamba kilichopotea kilikuwa zaidi ya kuku. Na hata kuku wenyewe, ule uzao wa Mpepai, sasa ulikuwa umebaki mahali pamoja tu duniani: uani kwa Shangazi. Bibi hakulisema hilo. Alianza tu kuuliza, kila aliposikia bodaboda, "Nani huyo?"

Nilipata ujasiri baada ya Pasaka, barabara ilipokauka. Nilimkuta Shangazi akianika dagaa. Nikapiga goti nikamwambia shikamoo, na kabla hajamaliza marahaba nikaanza kusema yote: kamba, maranda, ndui ambayo haikuwa ndui, ile taarifa.

"Yameisha, mwanangu," alisema. "Inuka, mchanga unachoma."

Hakuninunia. Alinipikia samaki wa mbasa na ugali, akanicheka nilivyokula kama mtu wa milimani, kwa kuogopa miiba. Aliniuliza hali ya Bibi, macho yake, miguu yake. Lakini alipopita karibu na kuku wake niliona anaharakisha, kama mtu anayepita mbele ya nguo zake za ndani zilizoanikwa. Kuku walikuwepo. Matetea wa kishingo watano, sita, na jogoo mwenye shingo nyekundu, wakijioga kwenye vumbi chini ya ukuta. Niliwatazama mpaka akaniona ninawatazama.

"Nimewapaka dawa wiki jana," alisema upesi. "Wote."

"Wazuri sana, Shangazi."

"Wazuri," akasema, akaingia ndani.

Ningeweza kuomba. Usiku ule nilitunga namna kumi za kuomba, na kila moja ilikuwa na adabu. Ila kuku wa heshima haombwi. Anatolewa na mtu anayeamini kwamba mkono wake utapokewa kwa vigelegele, na imani hiyo mimi ndiye niliyekuwa nimeiondoa. Kwa kadiri ninavyokumbuka, hakuna mtu wa kwetu aliyewahi kutoka nyumbani kwa Shangazi bila kuku kwapani. Asubuhi alinifungia mchele na dagaa, mfuko ndani ya mfuko, fundo juu ya fundo, akanisindikiza mpaka barabarani, akaniambia nimsalimie mama yake.

Bibi alipokea mfuko, akaupapasa wote kwa mikono yake miwili.

"Na kuku?"

"Hakunipa, Bibi. Nami sikuomba."

"Umefanya vizuri kutoomba," alisema, akaenda kuuhifadhi mchele.

Sasa nafundisha vijana wa kijiji namna ya kuanza kufuga. Wanakuja na simu zao, wanaupiga picha ubao wangu, wanauliza dawa ya viroboto inaitwaje kabla hawajauliza viroboto wanaingiaje. Siwacheki sana. Nawaambia wajenge kizimba cha wageni kabla ya kujenga banda, na wamweke humo kuku wa kila mtu, wa padri na wa shemeji, bila kuuliza ametoka wapi. Wanaandika. Sijui kama wanaelewa kwamba nusu ya kizimba hicho ni kwa ajili ya watu.

Utotoni mwetu mgeni alisikika kabla hajaonekana. Alipofika kwenye kona ya mibuni, kuku aliyekuwa kwapani mwake alianza kupiga kelele, wa kwetu wakamjibu kutoka uani, mbwa akabweka, nasi watoto tukatoka mbio kugombania nani atambeba. Siku hizi wageni wetu hufika kimya. Unageuka tu unawakuta wamesimama uani, wamevaa vizuri, na mkononi wana sukari ya dukani ndani ya mfuko uliofungwa, safi kabisa, isiyo na mdudu.